Familia nzima katika meli moja: bei nzuri ni ile inayosubiri viza

LUBUMBASHI – Mwaka juzi tulifanya sikukuu ya mama bila mama. Dada yetu mkubwa, anayeishi Liège, Ubelgiji, alikuwa ameona kwenye intaneti bei ya chini kabisa ya safari ya siku 7 katika bahari ya Mediterania, ndani ya meli kubwa ya matembezi, zile safari ambazo Wafaransa wanaziita croisière. Akaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia: «Tulipe leo, kesho bei inapanda.» Tukalipa.

Mwezi mmoja kabla ya safari, mama na mdogo wake, wote wawili wakaaji wa Lubumbashi, wakanyimwa viza. Ile bei ya chini ilikuwa ya namna isiyorudishwa. Ndugu walioko Ulaya wakapanda meli, sababu pesa zao nazo zingepotea, na mama akakaa barazani, katika komini ya Katuba, akiangalia picha kwenye simu. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kile kilicho kwenye sahani ya mjukuu wake ni samaki au nyama.

Mwaka huu tunarudia. Mama anatimiza miaka 75 mwezi wa Oktoba, na safari hii tumeanza kwa kuuliza maswali ambayo mara ya kwanza hatukuyauliza. Familia nyingi za hapa, za Bukavu, za Goma, za Kindu, ziko kama yetu: mtoto mmoja Brussels, mwingine Lille, mwingine Montréal, wazazi wamebaki nchini. Wengi wanaanza kufikiria meli kwa ajili ya arusi, jubilei, au kuonana tu. Hesabu yake si ngumu, lakini ina mitego, na mtego mkubwa kwetu Wakongo hauko kwenye bei.

Kwanza, kwa nini meli? Nyumba ya dada Liège ina vyumba vitatu vya kulala. Sisi ni watu 22. Kuwaleta wote Lubumbashi tulihesabu: tiketi za ndege za watu 16 kutoka Ulaya na Kanada zilizidi bei ya meli yenyewe. Hoteli ya Ulaya utalipa kitanda, halafu chakula, halafu gari la kuwazungusha watu. Kwenye meli, kitanda, chakula cha asubuhi, mchana na jioni, na safari yenyewe, vyote viko katika bei moja, na kila jioni familia inakaa kwenye meza zilizo jirani. Kwa mama wa miaka 75 anayetembea polepole, hilo lina uzito kuliko kuona Barcelona.

Si kama boti ya Kalemie

Sisi tumezoea usafiri wa majini ambao bei yake inajulikana. Kalemie, Goma au Bukavu, unafika bandarini, unauliza, unalipa, unapanda. Kwenye baleinière za mto Kongo unabeba na chakula chako na makaa yako. Meli ya matembezi inauzwa kama tiketi ya ndege: chumba kilekile kinaweza kuwa na bei moja Januari, nyingine Aprili, nyingine Septemba. Bei inaandikwa kwa mtu mmoja, lakini kwa kuhesabu kwamba chumba kina watu wawili. Mtu akilala peke yake, mara nyingi atalipa karibu bei ya wawili.

Kipande hicho cha mwisho kinatuhusu. Mama na mama mdogo wanalala chumba kimoja. Mmoja akipata viza na mwenzake akanyimwa, yule anayebaki anaweza kujikuta analipa chumba kizima.

Kwa kampuni nyingi kubwa za meli, kundi linaanza kwa vyumba 8, yaani watu 16, wakihesabiwa wawili kwa kila chumba. Mtu wa tatu na wa nne ndani ya chumba, ambao kwa kawaida ni watoto, hawaingii katika hesabu hiyo. Kwa hiyo familia ya watu 20 waliojibana wannewanne katika vyumba 5 si kundi hata kidogo. Sisi 22 tuko hivi: wazee wawili chumba kimoja, mabwana na mabibi watano vyumba vitano, vijana wanne vyumba viwili, na watoto wadogo sita wanalala na wazazi wao. Vyumba 8 kamili, watu 16 wa kuhesabiwa.

Kamili, na hapo ndipo hatari ilipo. Chumba kimoja kikianguka, si kundi tena, na masharti yote mazuri yanaweza kuanguka nacho. Sisi wa Lubumbashi, tunaohitaji viza, tuna vyumba viwili: cha mama na mama mdogo, na changu na mke wangu na watoto wetu wawili. Ndiyo maana tuliomba vyumba 10 badala ya 8. Binamu wawili wa Paris na Lyon wamesema watakuja na mabibi zao. Hata sisi sote sita tukinyimwa, vyumba 8 vitabaki.

Faida ambayo kila mtu anaisikia kuhusu kundi ni ile ya nafasi ya bure: kwa watu 16 wanaolipa, kampuni nyingi zinatoa nafasi moja bila malipo. Ni kweli, ila sikia vizuri. Bure ni bei ya safari tu. Kodi za bandari mtu huyo atazilipa kama wengine. Tuchukue mfano rahisi: safari euro 700, kodi za bandari euro 180. Nafasi ya bure inaokoa 700, na 180 zinabaki. Ukigawanya hizo 700 kwa watu 16, kila mmoja anapunguziwa kama euro 44. Kuna familia zinazogawa hivyo, na kuna viongozi wa kundi wanaoiweka mfukoni kimya kimya, jambo lililovunja urafiki zaidi ya mmoja. Sisi tumeiandika kwa jina la mama, na kila mtu ameiona kwenye WhatsApp.

Lakini faida kubwa si hiyo. Ni muda. Ajansi inaomba kampuni iweke pembeni idadi fulani ya vyumba kwa bei ya siku hiyo. Kuna tarehe ambayo kabla yake unaweza kurudisha chumba bila kulipa kitu. Baadaye inakuja tarehe ya kutoa majina na arbuni, na mwisho tarehe ya kumaliza deni, ambayo kwa kampuni nyingi iko kati ya siku 60 na 120 kabla ya meli kuondoka. Kwetu ni siku 90. Mtu anayenunua peke yake bei ya promosheni isiyorudishwa analipa kidogo zaidi chini ya bei yetu, lakini hana tarehe hata moja ya kurudi nyuma. Mwaka juzi tulikuwa huyo mtu.

Kalenda mbili juu ya meza moja

Sheria ya viza ya Schengen inaruhusu kuweka ombi hadi miezi 6 kabla ya safari, na si baadaye kuliko siku 15 kabla. Ubalozi una siku 15 za kujibu, ambazo zinaweza kurefushwa hadi 45. Sasa weka tarehe hizo karibu na zile za meli. Miezi 6 ni kama siku 180. Deni linamalizwa siku 90 kabla. Katikati kuna miezi mitatu. Ukiweka dosye mapema, hata ubalozi ukitumia siku zote 45, jibu litakukuta bado hujamaliza kulipa, na pengine bado una haki ya kurudisha chumba bure. Mwaka juzi tulilipa kila kitu Februari, na dosye ya mama iliingia wiki sita kabla ya safari. Hatukuwa na bahati mbaya. Tulikosea mpango.

Safari hii mama atafika kwanza Liège, akae wiki mbili kwa dada, kisha wote washuke hadi Marseille kupanda meli. Kwa sababu nchi atakayokaa siku nyingi zaidi ni Ubelgiji, ombi linakwenda Ubelgiji, hata kama meli inaondokea Ufaransa na kupita Italia na Hispania. Dada ameshughulikia barua ya kumpokea mgeni, ile inayoitwa prise en charge. Bima ya matibabu lazima ifike angalau euro 30,000. Bei ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 halipi. Kwetu, wakubwa wanne, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4, ni euro 405, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Ziweke kwenye hesabu ya safari tangu siku ya kwanza. Na kwa mtu wa Kongolo au wa Moba, hata kufika mahali pa kuweka dosye ni safari nyingine yenye bei yake.

Barua ya kunyimwa viza ina sababu zilizowekewa alama. Familia nyingi zinaichana kwa hasira. Ya mama ilionyesha kwamba ubalozi haukushawishika kwamba angerudi nyumbani. Kwa hiyo mwaka huu tumeongeza hati za nyumba yake na karatasi za pensheni ya marehemu baba, vitu vilivyokuwa kabatini mara ya kwanza na hakuna aliyefikiria kuvitoa.

Jambo lingine tulilojifunza ni kusoma njia ya meli kabla ya kusoma bei. Marseille, Genova, Napoli, Palermo na Barcelona, zote ziko ndani ya Schengen. Viza ya kuingia mara moja inatosha. Meli ikipita Tunis, Uturuki au Montenegro, umetoka nje ya Schengen, na kurudi kwake ni kuingia mara ya pili. Kuna safari za bei nzuri sana zinazopita Tunisia. Kwa ndugu wenye paspoti za Ubelgiji si kitu. Kwa mama mwenye viza ya kuingia mara moja, ni kukataliwa kupanda meli akiwa na sanduku mkononi.

Kaka yetu wa Montréal ana uraia wa Kanada, haombi viza kwa safari fupi ya Ulaya. Lakini mwenye ukaazi tu wa Kanada au wa Marekani, akiwa bado anatumia paspoti ya Kongo, anahitaji viza kama sisi. Na ndugu wenye hati ya kusafiria ya mkimbizi waulize mapema, nchi kwa nchi, sababu masharti hayafanani.

Haki ambayo hakuna aliyetuambia

Hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Kwa safari za namna hii zinazouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2015 kuhusu safari za kifurushi inampa msafiri haki ya kumwachia mtu mwingine nafasi yake, akitoa taarifa angalau siku 7 kabla ya kuondoka na kulipa gharama za kubadilisha jina. Mama na mama mdogo walinyimwa viza mwezi mzima kabla. Binamu wawili wa Paris wangechukua chumba chao na kurudisha pesa. Ajansi iliyotuuzia ilinyamaza, na sisi hatukujua cha kuuliza. Sheria hiyohiyo inasema kwamba bei ikipandishwa kwa zaidi ya asilimia 8 baada ya mkataba, msafiri anaweza kujiondoa bila adhabu.

Ndiyo maana mkataba wetu umeandikwa Ubelgiji, kwa jina la dada. Kwa kawaida ajansi inalipwa na kampuni ya meli, kwa hiyo kupitia kwake hakupandishi bei, na kwa kundi ni vigumu kufanya bila yeye. Lakini maneno ya simu hayatoshi. Dada ameomba kwa maandishi tarehe ya mwisho ya kurudisha vyumba, na kama arbuni inarudi au hairudi. Ameuliza pia: bei ya meli hiyohiyo ikishuka kabla hatujamaliza deni, na sisi tutashushiwa? Ajansi ya kwanza aliyoiendea ilikataa kuandika. Akaenda kwa nyingine.

Kuhusu bima ya kuvunja safari: nyingi zinalipa ugonjwa na msiba, lakini si kunyimwa viza. Tafuta maneno hayo kwenye karatasi, yasipokuwepo, hayapo.

Kuna na gharama zinazojificha nyuma ya bei. Vinywaji, intaneti na matembezi ya mijini vinalipiwa mbali. Tena kuna malipo ya huduma ya kila siku kwa kila mtu, ambayo yanakatwa yenyewe kwenye akaunti ya chumba. Tukichukua euro 12 kuwa mfano, watu wazima 16 kwa siku 7 wanafikisha euro 1,344, karibu mara mbili ya ile nafasi ya bure tuliyoshangilia. Kwenye meli za Karibiani zinazotoka Marekani, malipo hayo yako kama dola 16 hadi 20 kwa siku. Uliza kama yako ndani ya bei au nje.

Chumba cha ndani, bila dirisha, ndicho cha bei ya chini, na vijana hawakijali. Kuna pia bei ya chini zaidi ambapo kampuni yenyewe inakuchagulia chumba dakika za mwisho. Kwa mtu mmoja ni sawa. Kwa kundi ni hasara: mama atakuwa ghorofa ya 5 na binti yake ghorofa ya 12, wakitafutana kwenye lifti. Watoto wanaolala na wazazi wana bei ndogo, na kampuni fulani za Mediterania mara kwa mara zinawatoza kodi za bandari tu.

Tumechagua mwisho wa Oktoba, wakati wa likizo ya Watakatifu Wote, sababu shule za Ubelgiji na Ufaransa zinafungwa pamoja na bei iko chini kuliko Julai na Agosti. Watoto wa Montréal watakosa darasa wiki moja. Baba yao amekubali. Mama yao bado ananung'unika.

Upande wa makuta tumefanya kama likelemba. Kila nyumba inaweka kitu kila mwezi tangu Novemba, dada anaandika, na kila tarehe 5 anatuma picha ya daftari. Kazi ngumu haikuwa hesabu. Katika familia zetu hakuna anayesema «sina». Anasema «tutaona», na chumba kinamsubiri hadi tarehe inapita. Tulikubaliana kwamba anayefikisha miezi miwili bila kuweka kitu, dada anampigia simu faragha, si kwenye kikundi. Kaka mmoja alipigiwa simu hiyo. Alishukuru, na wengine watatu wamemchangia nusu ya sehemu yake bila jina lake kutajwa. Ndiyo maana simtaji hata hapa.

Tiketi za ndege za mama, kupitia Addis-Abeba, hatutazinunua kabla ya viza. Tukishazinunua, kila mtu atafika Marseille siku moja kabla ya meli, sababu meli haisubiri ndege iliyochelewa.

Miadi yetu ya viza ni wiki ya kwanza ya Mei. Alama za vidole za mama na mama mdogo, zilizochukuliwa mwaka juzi, bado zinafaa, maana zinadumu miezi 59. Vyumba 10 vimewekwa pembeni. Tunaweza kurudisha viwili bila hasara hadi mwisho wa Juni, na deni linaisha mwisho wa Julai. Mama ameuliza kama kwenye meli wanapika bukari. Nimemwambia hapana, kuna mchele na viazi. Ameanza kupima unga wa kuweka kwenye sanduku. Dada ameandika kutoka Liège kwamba ni marufuku kupika chumbani, na mama hajajibu.